Ruhusa ya Kupiga

Wiki tatu nilizunguka Bukavu na bahasha kwapani.
Biro ya kwanza, kule Nyawera, waliuliza filamu ni ya nini.
Ya mhunzi, nikasema, mtu anayefua majembe Kaziba.
Wakatazamana. Mhunzi? Si dhahabu?
Si dhahabu, mzee. Anafua springi za malori yaliyokufa.
Andika hapo: si dhahabu.
Nikaandika.

Biro ya pili walitaka nakala ya biro ya kwanza.
Ya tatu umeme ulikatika, mashine ikabaki
imeng'ata ukurasa wangu, nusu ndani nusu nje.
Ya nne, mkubwa kaenda matanga.
Ya tano, mkubwa yupo, wino ndio haupo.
Akatemea mpira wa muhuri mate, akagonga mara mbili,
na chui wa taifa akatoka na jicho moja.
Ya sita sitaki kuisema.

Zihalirwa, mwenye filamu, alipiga simu kila jioni.
Haba na haba, nilimjibu.
Akaniuliza kibaba kina ukubwa gani.

Zile sita zilikuwa za Kifaransa, za mashine,
na hakuna mtu aliyezisoma.
Ya saba karani wa mwami aliiandika Kaziba kwenyewe,
kwa mkono, kwa Kiswahili, kalamu ya buluu,
karatasi ameilaza juu ya gunia la maharage:
*Hawa watu watatu wanaruhusiwa kupiga picha
Kaziba yote. Wasisumbuliwe.*
Mstari ulipanda na kushuka kwa kufuata maharage.

Mvua ilitukuta mlimani, juu ya pikipiki.

Kizuizini palikuwa na kamba ya nailoni
iliyofungwa vitambaa vyekundu, na koplo mwenye mafua.
Akakunjua barua, akasoma kwa kidole, kwa sauti:
Hawa watu... watatu... wanaruhusiwa... kupiga...
Kidole kikasimama.
Hapo palikuwa na doa la buluu, refu, lenye umbo la ziwa.
Akaliruka.
...Kaziba yote. Wasisumbuliwe.

Wanawake waliongoja kupita wakatua vikapu.
Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka, koo likakataa.
Lugha hii yetu! Tunapiga pasi, tunapiga hodi,
tunapiga magoti, tunapiga mswaki,
na neno ni lilelile, lina mkono mmoja,
na watu wa barabara ile wanaujua mkono huo
ulivyofanya kazi usiku, miaka ambayo hawaihesabu.

Picha, nikasema. Afande, ni picha!
Noella akainua kamera ili aamini. Akaiinua haraka mno.
Mtoto akaingia nyuma ya kitenge cha mama yake.

Shusha hiyo, mtu akasema. Hakuwa koplo.
M'Cishugi, dada wa mhunzi, makaa mgongoni,
kamba ya mzigo bado ipo kwenye paji la uso.
Akaomba barua. Akaomba na kalamu.
Akachuchumaa, akaiweka juu ya goti,
akaandika juu ya lile doa, polepole,
kama anayeshona tundu la shati la mtu mwingine.
Kisha akampa koplo: Sasa soma.
Koplo akasoma. Akapiga chafya. Kamba ikalegezwa.

Na hawa wabebe makaa, akaongeza.
Hilo halikuandikwa popote.

Tulibeba. Mlima ule hauna huruma na viatu vya mjini.
Tulipofika jua lilikuwa limezama, mvukuto umelala,
mhunzi ananawa mikono. Nikatoa bahasha.
Hakuigusa. Aliuliza kama tumekula.

Siku ile hatukupiga kitu.

Filamu imekwisha sasa; Zihalirwa anaiandika bahasha
kwenye safu ya gharama. Mimi niliomba karatasi moja tu.
Neno lake halina h. Aliandika *pica*,
kwa ile c inayoanza jina la baba yake,
na wino wake umekoza kuliko wa karani.